Uliifunguaje hiyo simu? Shajara ya mafunzo ya makosa ya mtandao, Mwanza

Jumatatu, 4 Machi 2024

Ukumbi umepatikana Nyakato, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Shilingi 80,000 kwa siku, viti vya plastiki, feni mbili na moja inalia kama mbuzi. Tulikuwa tunautaka mwingine wa kule mjini, karibu na Makongoro, lakini bei yake ingemeza hela yote ya chai. Mtu mzima anayeacha shughuli zake Jumamosi ukimnyima chai na sambusa, Jumamosi inayofuata humwoni.

Kwa atakayeisoma shajara hii baadaye: mafunzo ni ya Jumamosi nane. Wakufunzi tuko wawili, mimi wa TEHAMA na mwenzangu wakili. Washiriki 19: mawakili wa kujitegemea 6, wapelelezi 4, waendesha mashtaka 2, maofisa TEHAMA wa SACCOS 4, mawakala 2 wa miamala ya simu, na fundi simu mmoja wa Makoroboi. Huyo fundi nilimpigania. Mwenzangu alisema haya ni mafunzo ya wanataaluma. Nikamwambia simu nyingi mnazozitaja mahakamani zimeshapita mezani kwa fundi kabla hata wakili hajazisikia.

Kinachotuumiza kichwa kwa sasa ni vitini. Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya mwaka 2015, tunaisoma kwa Kiingereza halafu tunabishana kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo hatuna kisingizio cha kufundisha kwa kingine. Tumegawana vifungu 12 tutafsiri. Tumepanga kumaliza Alhamisi.

Alhamisi, 7 Machi

Hatukumaliza.

Jumamosi, 9 Machi. Kikao cha 1

Wamefika 17. Badala ya kuanza na sheria niliwaomba kila mmoja afungue simu yake atusomee meseji ya kitapeli aliyowahi kupokea. Hakuna aliyekosa. "Ile hela nitumie kwenye namba hii." "Mjukuu wangu, mimi babu yako mganga." "Mwenye nyumba wako hapa, kodi weka kwenye laini hii, ile nyingine ina matatizo." Mwendesha mashtaka mmoja alikuwa nazo tatu za wiki hiyo hiyo, na mwandishi wa moja alikuwa amemwita "mwanangu" ilhali yeye ni bibi wa wajukuu wanne.

Mama mmoja, wakala wa Kirumba, alitueleza kwa nini ile ya kwanza inawanasa watu wa Mwaloni, soko la samaki na dagaa la Kirumba, kuliko zote. Pale hela ya dagaa hutangulia dagaa wenyewe. Mfanyabiashara akiamka asubuhi anadaiwa na watu watano wa mialo tofauti, na wote ameshawaambia nitakutumia. Meseji ya "ile hela" ikiingia inajipanga kwenye foleni ambayo tayari ipo kichwani mwake. "Tapeli hanijui wala hajui nafanya kazi gani," akasema. "Ameotea tu kwamba nadaiwa."

Hapo ndipo wanasheria walipoanza kurushiana maneno. Kosa hapa ni lipi? Mwendesha mashtaka: kifungu cha 12, udanganyifu unaohusisha kompyuta, faini isiyopungua milioni 20 au mara tatu ya faida aliyoipata mkosaji, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote. Wakili mmoja kijana akamkatalia. Kifungu hicho kinazungumzia kuingiza, kubadili au kufuta data, au kuvuruga mfumo, kwa nia ya kudanganya. Huyu aliyetuma meseji amevuruga mfumo gani? Mama ametuma hela mwenyewe, kwa kidole chake na namba yake ya siri, na mfumo umefanya kazi yake sawasawa. Basi mpeleke kwenye Kanuni ya Adhabu, kujipatia fedha kwa udanganyifu, kifungu cha 302, ambako miaka 7 ndiyo dari. Kule ni sakafu, huku ni dari! Mwingine akaongeza kifungu cha 15, kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Simu ni kompyuta? Kwa tafsiri ya sheria hii, ndiyo.

Dakika 50 zimekwenda kwa meseji moja. Nimeona nisiwakatize.

Aibu ndogo: kifungu cha 4 nilikuwa nimekitafsiri "kuingilia kompyuta ya mtu bila idhini". Mama wakala akasoma kwa sauti, akanyamaza, akauliza, "Kuiingilia namna gani?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tumebadilisha iwe "kuingia kwenye mfumo".

Jumamosi, 16 Machi. Kikao cha 2

Mfungo umeanza, tumekubaliana kumaliza kikao saa nane. Waliofunga wamekaa upande wa dirishani, mbali na sambusa, kwa hiari yao.

Leo ushahidi wa kielektroniki. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18: ushahidi haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Ila mahakama ikiupima itataka kujua taarifa ilitengenezwa, ikahifadhiwa na ikasafirishwa kwa njia inayoaminika kiasi gani, ukamilifu wake ulilindwaje, na aliyeituma alitambuliwaje. Hilo la mwisho mawakili huwa wanalisahau. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole za fulani, sawa, lakini je, ndiye aliyeandika?

Wakala wa pili, kijana wa Buzuruga aliyewahi kusajili laini barabarani chini ya mwavuli, akatuonyesha mchezo wenyewe. Mzee anaweka kidole, kijana anakunja uso: "Haijasoma, mzee, futa kidole uweke tena." Kumbe ilisoma. Cha pili kinasajili laini ya pili, ambayo mzee haijui na jioni imeshauzwa. Tuliwaambia wote wapige *106# pale pale, waone laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyao. Wawili wamekuta namba wasizozijua. Mmoja wao ni mpelelezi.

Zoezi la heshi, yaani alama ya kidole ya faili, lilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Niliwagawia faili moja la maelezo ya shahidi kwenye fleshi, kila laptopu ikakokotoa SHA-256, herufi na tarakimu 64. Zote zikafanana. Halafu nikamwambia afande aliyekaa mbele aondoe nukta moja ya mwisho, ahifadhi, akokotoe upya. Alama nzima ikawa nyingine. Akaziangalia zile tarakimu kwa muda, akaweka kidole kwenye kioo akawa anazilinganisha moja moja na za jirani yake. "Nukta tu?" Nikamwambia nukta tu, afande. Akairudisha nukta mahali pake, ile alama ya mwanzo ikarudi, akacheka peke yake.

Jumamosi, 23 Machi. Kikao cha 3

Leo nimejitoa kafara, na bora niandike kabla sijaanza kuipamba.

Mwaka 2019 mama yangu mdogo alikuwa na stoo ya dagaa Kirumba. Shilingi 640,000 za mteja zikapotea njiani, zikaenda namba isiyojulikana. Tukamshuku kijana wa stoo. Mchana mmoja akaiacha simu kwenye chaji akaenda kula. Kioo kilikuwa kimejaa mafuta ya dagaa, na kwenye mafuta ulionekana mchoro wake wa kufungulia simu, herufi Z, safi kabisa kama umechorwa kwa wembe. Nikaufuata. Simu ikafunguka. Nikakuta mazungumzo na mtu wa namba ile, nikapiga skrinishoti 11, nikajitumia kwa WhatsApp yake mwenyewe, kisha nikafuta nilichotuma ili asijue. Nilijiona mjanja mno. Nikaenda kituoni kifua mbele.

Mjomba wa yule kijana akaja na wakili. Wakili hakubishana na skrinishoti hata moja. Aliuliza swali moja tu: "Uliifunguaje hiyo simu?"

Nimewapa washiriki kisa hiki wahesabu makosa. Walihesabu haraka kuliko nilivyopenda. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, kuingia kwa makusudi na isivyo halali: faini isiyopungua milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote. Kufuta zile meseji, kifungu cha 7, kuharibu data. Ibara ya 16 ya Katiba, faragha ya mtu na mawasiliano yake. Na hakuna mahali sheria inaposema "isipokuwa kama mhusika alikuwa anamsaidia mama yake mdogo".

Afande mmoja alinitetea: lakini ukweli si uliupata? Mwenzangu akaeleza kwamba kwetu ushahidi uliopatikana kinyume cha utaratibu haufi wenyewe. Kifungu cha 169 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaiachia mahakama ipime kama kuupokea kuna manufaa ya kweli kwa umma bila kumwonea mshtakiwa kupita kiasi. Kwa hiyo kuna mlango. Mawakili wakafurahi, mlango wowote huwafurahisha.

Mimi nikasema linalonisumbua halipo kwenye kifungu cha 169. Nilikaa na simu ile peke yangu dakika 20. Ningeweza kuandika meseji zile mwenyewe. Sikuandika, najua sikuandika, ila hakuna kitu duniani ninachoweza kumwonyesha mtu athibitishe. Kijana alirudisha laki mbili kwa shinikizo la wazee, akahamia Bukoba, na stoo nzima ikamwita mwizi. Kama alikuwa mwizi, mimi ndiye niliyeharibu ushahidi wa kumtia hatiani. Kama hakuwa, ndio balaa zaidi.

Fundi simu hakusema neno kikao kizima. Wakati wa kuondoka aliniambia, "Mwalimu, hiyo Z mimi naiona mara kumi kwa siku."

Jumamosi, 30 Machi

Jumamosi Kuu. Hakuna kikao.

Jumatano, 3 Aprili

Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imezinduliwa rasmi leo na Rais. Sheria yake, Na. 11 ya 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023. Maofisa wa SACCOS wamenitumia picha za habari hiyo tangu asubuhi, nahisi kwa hofu. Jumamosi tunaanza nao.

Jumamosi, 6 Aprili. Kikao cha 4

Tulianza na SACCOS lakini fundi ndiye aliyekiteka kikao. Aliomba ruhusa, akasimama kama yuko kanisani.

Kila wiki anajiwa na mke anayeleta simu ya mume, au mume anayeleta ya mke. "Nifungulie tu, nitakulipa 20,000." Hiyo ni sawa na kubadili vioo viwili. Anajuaje simu ni ya nani? Haulizi. Na nyingine zinakuja usiku, zimezimwa, mwenye nayo hajui hata rangi ya nyuma. Wanataka IMEI ibadilishwe, kwa sababu tangu simu bandia zizimwe Juni 2016 watu wamejua kwamba namba ile ndiyo kitambulisho cha simu. "Nikikataa, meza ya jirani inakubali. Sasa mnifundishe mimi nakula nini."

Hapakuwa na jibu la kwenye kitini. Mwenzangu alisema kuhusu IMEI hakuna mjadala, ni kosa kwenye sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010. Kuhusu simu za wanandoa wakabishana nusu saa, na mawakili wawili waliooa walikuwa wakali kupita kawaida. Mama wakala ndiye aliyetoa wazo lililotusogeza: yeye ana daftari, kila muamala unaandikwa jina, namba, saa, sahihi. Fundi naye awe na daftari. Anayeleta simu aandike jina, aipige namba yake mwenyewe simu iite pale pale au aonyeshe risiti, atie sahihi kwamba ni yake. "Asiye mwenyewe atasema anakwenda kuchukua kitambulisho," akasema, "na hatarudi." Fundi akauliza daftari la kurasa 96 litatosha mwezi mzima?

SACCOS, kwa kifupi: wote wanne wamewahi kufungua akaunti ya mwanachama bila sababu ya kikazi, mmoja kwa sababu alikuwa anamposa. Nimeandika hivyo kwa idhini yake, na ndoa ilifungwa.

Jumamosi, 13 Aprili. Kikao cha 5

Idi imepita Jumatano, pilau imebaki kwenye nyuso.

Rekodi za miito na minara. Nilikuja na slaidi nzuri: simu ikishika mnara, kampuni inabaki na kumbukumbu, mpelelezi anaomba, anajua mtu alikuwa wapi. Mpelelezi aliyekulia visiwani Ukerewe akanivunja katikati. Akasema kwao dagoni, kwenye kambi ya wavuvi, kuna jiwe la mtandao. Ukisimama chini yake huna kitu, ukipanda juu unashika mnara wa ng'ambo, bara, na siku nyingine wa upande mwingine kabisa. Maji hayana mlima wala jengo la kuzuia. Mnara wa kizazi cha pili, kwa mpangilio wa kawaida, unaweza kuhudumia simu hadi kilomita 35, na ziwani umbali huo hauna kikwazo. Rekodi inakuambia mnara gani uliibeba simu. Mtu alikuwa amekaa wapi, hiyo ni habari nyingine.

Akatoa mfano wa mvuvi aliyesema alikuwa Igombe, rekodi ikamweka kisiwani, na wote wakaamua anadanganya. Mwendesha mashtaka alikuwa anaandika haraka sana. Slaidi zangu tatu nimezifuta usiku huu.

Tukagusa na mipaka. Ziwa ni moja, karibu nusu yake ni Tanzania, Kenya ina asilimia 6 tu, Uganda ina iliyobaki, na kila mmoja ana sheria yake: sisi 2015, Kenya 2018, Uganda 2011. Mambo yasivyofanana: Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta kifungu cha 25 cha sheria yao, kile cha mawasiliano ya kuudhi. Ukitaka kielelezo kutoka ng'ambo, njia rasmi ni sheria yetu ya 1991 ya kusaidiana kwenye mashauri ya jinai, kupitia kwa Mwanasheria Mkuu. Mkataba wa Malabo, ule wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao na taarifa binafsi, ulipitishwa 2014, ukaanza kufanya kazi 8 Juni 2023. Miaka tisa! Afande alisema meseji ya tapeli inavuka ziwa kabla hujafunga kamba za viatu.

Jumamosi, 20 Aprili. Kikao cha 6

Mvua tangu alfajiri, Mabatini hapapitiki. Watu 11. Tumerudia heshi.

Jumamosi, 27 Aprili. Kikao cha 7

Madaraka ya upekuzi. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kutoa amri ya kupekua na kukamata kifaa akiridhika kuna sababu za msingi. Cha 32, amri ya kumtaka mtu atoe data. Mahakama inaingia pale nguvu ikihitajika. Wamiliki wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, walikipeleka kifungu cha 32 Mahakama Kuu mwaka 2016, na 2017 mahakama ikakiacha kisimame.

Mawakili waliwabana wapelelezi kweli kweli: mkuu wa kituo anaomba, mkuu wa kituo anakubali, nje hakuna jicho. Wapelelezi nao: mtuhumiwa anaweza kufuta kila kitu akiwa chooni, nyie mnataka tukapange foleni mahakamani Ijumaa saa kumi? Maoni yangu, nayaandika hapa kwa sababu pale sikuyasema: wote wako sahihi, na ndiyo maana sababu zile za msingi lazima ziandikwe kabla ya amri. Nimeona amri yenye mstari mmoja, "kwa ajili ya upelelezi". Huo mstari ungeweza kufungua simu ya mtu yeyote Mwanza.

Mezani tulifanya la vitendo. Simu iliyowaka ikikamatwa: iweke hali ya ndege, usiizime ovyo kwa sababu ikiwaka inaweza kudai namba ya siri, usiipekue kwa kidole, piga picha kioo kilivyo, bahasha, lakiri, sahihi. Tulijaribu kuificha simu isishike mtandao bila mfuko maalumu. Sufuria lenye mfuniko: iliita. Karatasi ya aluminiamu tabaka moja iliyofungwa vibaya: iliita. Tabaka nne, imekunjwa vizuri: kimya. Mama wakala akachukua kipande kilichobaki, kwa ajili ya samaki.

Jumanne, 14 Mei

Kikao cha mtandaoni na wenzetu wa Kisumu hakikufanyika. Jumapili nyaya mbili za chini ya bahari, EASSY na Seacom, zilikatika, na tangu hapo mtandao unatambaa. Nimeteketeza bando la gigabaiti 5 kuangalia duara likizunguka. Saa nne tukahamia kwenye simu ya kawaida, spika imewekwa juu ya glasi ili sauti ikue, wakasalimia, tukasalimia, ikakatika. Kikao hicho hakitapangwa tena kwenye awamu hii.

Jumamosi, 18 Mei. Kikao cha 8

Kesi ya kuigiza. Wakili mkongwe kati yao alikaa kiti cha hakimu, na hakuwa na utani nacho. Kielelezo: simu ya wakala aliyetapeliwa shilingi 1,200,000 za floti, yaani mtaji wa kufanyia miamala, ambayo kwa wiki nzima washiriki walikuwa wakikabidhiana kama jalada la kweli, kwa daftari tulilolichapisha wenyewe. Kutoka kwa mlalamikaji kwenda kwa mpelelezi, kwa fundi, kwa ofisa TEHAMA, kurudi kwa mpelelezi. Mwenzangu aliwakumbusha kesi ya Paulo Maduka, ambako Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba kila hatua ya kielelezo, tangu kukamatwa hadi mwisho, ifuatwe kwa maandishi.

Shahidi wa tatu alikuwa fundi. Amevaa shati jeupe, nadhani la kuazima. Wakili kijana wa utetezi, yule yule wa kikao cha kwanza, akasimama.

"Uliifunguaje hiyo simu?"

"Sikuifungua, mheshimiwa. Ililetwa ina lakiri Jumatatu saa tatu na dakika kumi. Niliangalia mlango wa chaji kwa tochi, nikaandika ni mzima, nikairudisha ina lakiri saa nne kasoro."

"Nani aliiona lakiri?"

Akafungua daftari lake mwenyewe, la Makoroboi, kurasa 96, akasoma majina mawili. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, karibu na feni inayolia, na nikaona nitazame nje kidogo.

Kesi ilikufa hata hivyo. Kati ya Jumatano jioni na Ijumaa asubuhi daftari la mradi halina jina. Simu ilikuwa kwenye droo ya ofisa TEHAMA aliyekwenda msibani Sengerema, na ufunguo aliuacha kwa mtu ambaye hakuandikwa. Hakimu wetu alikataa kielelezo kwa sentensi mbili, akaomba chai. Ofisa alitaka kulijaza pengo lile pale pale, kwa kalamu ya mwenzake, "ili daftari likae vizuri". Watu sita walimzuia kwa mpigo.

Yaliyobaki: vyeti 16 vimetolewa, vitatu vinasubiri waliokosa vikao. Tafsiri ya vifungu imefika 9 kati ya 12. Daftari la kukabidhiana nimelirudisha kwa mchapaji, nimemwomba aipanue safu ya saa. Ilikuwa nyembamba mno, watu wakawa wanaandika "mchana".